Dawa ya Ng'ombe

Kupe alikuwa amejishindilia nyuma ya sikio la kushoto, pale ngozi inapokunjana na nywele zinapoanza, na alikuwa amenenepa hadi akafanana na mbegu ya mbarika. Mutheu alimgusa kwanza kwa ncha ya kitana akidhani ni ushanga uliosahauliwa. Ushanga hauna miguu. Akakigeuza kichwa cha mwanawe kuelekea dirishani, akaitazama ile miguu ikichezacheza pembeni mwa tumbo la kijivu, akasema, "Usitikisike."

Ilikuwa Jumapili jioni, wakati wa kufumua nywele. Waithera, mtoto wa miaka sita, alikuwa ameketi sakafuni katikati ya magoti ya mama yake, nusu ya kichwa mistari, nusu kichaka. Hakuuliza kuna nini. Likizo nzima alikuwa ameishi uwanjani nyuma ya jengo lao la Njiru, na mtoto wa uwanja huzoea kutolewa vitu mwilini: miiba, vigae vya chupa, mbegu za kishonanguo. Uwanja wenyewe haukuwa na ua wala mwenyewe wa kuonekana. Asubuhi wachungaji walipitisha ng'ombe humo, mchana watoto wakauchukua wakacheza mpira wa kati na brikicho ya kujificha, na kupe hawakujua zamu ya nani ni ipi.

Kwenye kochi, ungo wa maharagwe mapajani, alikuwa ameketi Shosho, mama mzazi wa Ng'ang'a, mumewe Mutheu. Alikuja kutoka Maragua mwanzoni mwa likizo baada ya msichana wa kazi kuondoka kwenda kuolewa, na hakungoja kuombwa mara mbili. Jina lake pia lilikuwa Waithera. Kwa desturi ya watu wa Ng'ang'a, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake mume, na jina hilo si la kuitia tu. Ni mtu kurudi duniani angali hai, akijitazama anavyorudi. Ng'ang'a alimwita bintiye "mama". Shosho alimwita "mimi". "Mimi nimekula?" angeuliza akiingia jikoni, naye anamaanisha mtoto. Nyumba nzima ilicheka. Mwaka wa kwanza Mutheu naye alicheka. Yeye mwenyewe aliitwa Mama Waithera, yaani mama wa mama mkwe wake, cheo kikubwa kisicho na mamlaka yoyote. Na alichotaka kilikuwa kidogo: kwamba ndani ya nyumba ile, juu ya mtoto yule, neno lake likisemwa lishike.

Shosho aliposikia kuna kupe, aliuweka ungo chini.

"Lete kibiriti," alisema.

Akaeleza, kwa utulivu wa mtu anayeeleza jinsi ya kupika ugali, kwamba njiti huwashwa, hupulizwa, kisha kichwa chake chenye moto huguswa mgongoni mwa kupe, naye hutoka mwenyewe kwa adabu. Asiyetaka kibiriti hudondosha mafuta ya taa. Ndivyo alivyowalea wanawe wote, na hakuna aliyezikwa kwa sababu ya kupe.

"Hapana," alisema Mutheu.

"Hapana nini?"

"Hapana kibiriti, hapana mafuta ya taa, hapana kucha. Kupe akichomwa hutapika ndani ya mtoto. Akiminywa tumbo, vilevile."

"Hutapika." Shosho alimgeukia mwanawe. "Ng'ang'a, umesikia? Huku Nairobi kupe wana matumbo mepesi."

Ng'ang'a alicheka huku macho yakiwa kwenye simu. Mutheu hakucheka. Mwaka uliotangulia mtoto wa Nthoki, jirani wa ghorofa ya chini, alishikwa na homa iliyomlaza wiki nzima, na pajani mwake kulikuwa na kigaga cheusi mahali kupe alipokuwa. Nesi wa zahanati aliwakusanya akina mama akawaonyesha namna ya kumtoa. Wengi walitikisa vichwa wakasahau. Mutheu alikuwa mtunza ghala huko viwandani, mwenye stashahada yake ya kazi hiyo, na alipenda maagizo yenye mwanzo na mwisho. Aliyaweka kichwani kama alivyoyaweka mengine.

Alichukua kibano chake cha nyusi kutoka kwenye mkoba, akakifuta kwa spiriti. Akakiinamisha hadi ncha zake zikagusa ngozi, akamshika kupe kichwani, si tumboni, akaanza kuvuta. Hakuzungusha. Hakufanya pupa. Alivuta juu moja kwa moja, taratibu, ngozi ikainuka kama hema dogo, na akaishikilia hapo bila kuongeza nguvu wala kupunguza, mpaka kupe akachoka kabla yake. Akatoka mzima, mdomo na vyote. Akamtumbukiza kwenye kichupa chenye spiriti, akaosha jeraha kwa maji na sabuni, akalipangusa tena kwa pamba. Waithera alilalamika wakati wa sabuni tu.

Shosho alitazama yote hayo bila kupepesa. Kisha akaurudisha ungo mapajani.

"Nimefuga ng'ombe kabla hujazaliwa," alisema, akichagua maharagwe. "Leo nafundishwa kupe na watu wa mbuzi."

Ulikuwa mzaha. Kwa Wakamba wa Machakos, kwao Mutheu, mzaha wa mbuzi si mpya, na Mutheu angeujibu kama angesikia mumewe anacheka kwa upande wake hata kidogo. Usiku walipokuwa wakitandika kitanda alimwomba azungumze na mama yake. Ng'ang'a alisema mama ni mama. Mutheu alisema hilo si jibu. Ng'ang'a alisema ndilo lililokuwepo.

Asubuhi, viatu vikiwa tayari miguuni, Mutheu alisimama mlangoni akarudia maagizo kama mtu anayemwachia bawabu lango. Mtoto akirudi kutoka nje akaguliwe: nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni, nyuma ya magoti. Akionekana kupe asichomwe, asipakwe mafuta, asing'olewe kwa vidole.

"Na nisifanye nini tena?" aliuliza Shosho.

"Hayo tu, Mama."

Akaenda kazini, mkoba begani, na ndani ya mkoba, baina ya kalamu na poda, kile kibano mahali pake pa siku zote.

Harufu ilimpokea kwenye ngazi jioni. Alikuwa ghorofa ya pili, nyumba yake iko ya tatu, na tayari pua yake ilikuwa imerudi utotoni Masii, kwenye josho la kijiji, ng'ombe wakirushwa majini mmoja mmoja wakitoka upande wa pili wakitiririka. Aliwaza kwamba jirani fulani ameogesha mbwa. Aliendelea kuwaza hivyo mpaka alipofungua mlango wake.

Shosho alikuwa jikoni akipepeta, uso umechangamka kama wa mtu aliyemaliza kazi aliyodhaniwa haiwezi. Akasimulia kabla ya kuulizwa. Mtoto alirudi mchana amejaa kupe wachanga, wadogo kama ufuta, kiunoni penye mpira wa kaptura na kwenye njia zote za nywele. Hawakuwa wa kuhesabika. Hata kama angeruhusiwa vidole, vidole gani? Basi alifunga mlango, akamshika mtoto mkono, wakaenda hadi kwenye duka la dawa za mifugo kando ya Barabara ya Kangundo, akanunua chupa ndogo. Aliichanganya kwenye beseni, kidogo kuliko ya ndama, kwa sababu huyu si ndama, ni mtoto. Yeye Shosho ana akili zake, hajazeeka. Akamwosha kichwa na mwili, akamfunga kitambaa kichwani ili dawa ishike. Kupe walikufa wote, wakaanguka kama vumbi. Alisema hakutumia kibiriti. Alisema hakutumia mafuta ya taa.

"Yuko wapi?"

"Amelala tangu alasiri," alisema Shosho. "Mimi nimelala vizuri sana leo."

Waithera alikuwa amelala ubavu, kinywa wazi kidogo. Mutheu alimwita. Alimwita tena akimtikisa bega, na bega likafuata mkono kama nguo. Ngozi ilikuwa baridi. Pumzi ilikuwepo, lakini ilikuja kama mtu anayepanda mlima akiketi kila baada ya hatua, na kati ya pumzi moja na nyingine kulikuwa na nafasi ambayo Mutheu alihisi angeweza kuanguka ndani yake.

Hakupiga kelele. Alikivua kile kitambaa, akambeba mtoto bafuni, akammiminia maji na sabuni kichwani na mwilini, maji na sabuni, mikono yake ikifanya kazi kama ya mtu mwingine mwenye akili. Akamfunga taulo. Akaichukua ile chupa, kwa kuwa daktari angeuliza ni nini, akaiingiza mfukoni, akateremka ngazi akimwita Nthoki kwa jina. Makau, mume wa Nthoki, aliendesha teksi na siku hiyo, kwa bahati, gari lilikuwa langoni. Nyuma yao Shosho alikuwa amefika nusu ya ngazi, miguu mitupu, mkono ukutani.

"Kwani nimefanya nini?" aliuliza. Nthoki alikuwa tayari akiufungua mlango wa gari.

Hospitalini tabibu alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya zamu ndefu. Aliigeuza chupa, akaisoma kwa sauti: ng'ombe, mbuzi, mbwa. Juu ya maandishi kulikuwa na picha ya ng'ombe mwenye afya. Akawaita wenzake, mtoto akawekewa dripu na hewa, akanyolewa nywele zote ili dawa iliyobaki ioshwe vizuri. Nusu ya mistari ilikuwa haijafumuliwa bado. Iliangukia kwenye karai la chuma ikiwa imesukika vilevile. Ng'ang'a alifika akiwa na jasho, na wakati huohuo tabibu akauliza ni nani aliyempaka mtoto dawa hii.

"Msichana wa kazi," alisema Ng'ang'a.

Alisema haraka na vizuri, kama jambo alilolipanga njiani. Msichana yule alikuwa ameolewa Kitui, anamenya viazi vya mumewe, hajui kwamba huko Njiru ameua mtoto au amekaribia. Mutheu alimtazama mumewe na kitu ndani yake kilichokuwa kikingoja kwa miaka kikaacha kungoja.

"Hatuna msichana wa kazi," alimwambia tabibu. "Ni nyanya yake."

Ng'ang'a alimwangalia kana kwamba amemvua mama yake nguo sokoni.

Asubuhi Waithera aliamka akaomba uji. Alishika kichwa chake, akakuta hakuna nywele, akauliza zimeenda wapi. Mutheu alimwambia zitarudi. Kwenye baraza la wodi Mutheu alisema Shosho arudi Maragua. Ng'ang'a alizungumza kwa sauti ya chini, ya kubembeleza, ambayo hakuwa ameitumia tangu siku za uchumba. Alisema mama hakukusudia.

"Sijasema alikusudia."

"Basi usimfukuze. Watu watasema nini? Mtoto ni yeye. Huwezi kumfukuza mtu kutoka kwa jina lake."

"Jina halikukaa hapa likingoja pumzi ya pili," alisema Mutheu. "Nilikaa mimi."

Aliomba ruhusa kazini, isiyo na malipo, akapewa kwa sauti ya mtu anayeandika jina lako upya akilini. Habari ilikuwa imemtangulia kufika Maragua. Shangazi mmoja wa Ng'ang'a alipiga simu kumpa pole, na ndani ya ile pole mlikuwa na mwiba: kwamba huko nyumbani wamesikia mke wa Kikamba ametaka mama mkwe akamatwe kwa ajili ya kupe mmoja. Mutheu alisema asante kwa kupiga. Ukweli ukiwa bado unatafuta viatu, uongo huwa tayari umefika umeketi, umepewa chai.

Kwa siku zilizofuata wanawake wale wawili waliishi kama watu wanaopokezana mlango mwembamba. Shosho alilisugua lile beseni kwa mchanga, kisha kwa majivu, kisha akalitupa. Alisugua sakafu ya bafu mpaka saruji ikabadilika rangi. Hakumgusa mtoto pasipo mtoto kumwendea kwanza. Hakusema "mimi" tena, alisema "huyu". Pole hakusema, na Mutheu, aliyekuwa ameandaa majibu matatu ya pole, aliyabeba bila kazi kutoka chumba hadi chumba.

Jumamosi, siku aliyopangiwa kurudi Maragua, Shosho alikuwa amefunga mkoba wake mapema na kujifunga leso mbili. Ng'ang'a alikuwa ameshuka kutafuta gari. Mutheu alimletea chai, akaiweka juu ya stuli, na alikuwa akigeuka aondoke Shosho aliposema:

"Ulinikataza kibiriti."

Mutheu akasimama.

"Ukanikataza mafuta ya taa. Ukanikataza hivi vidole. Halafu ukachukua kile kichuma chako ukaenda nacho kazini." Hakuinua sauti. Alikuwa akiutazama mvuke wa chai. "Mtoto amejaa kupe, nami nimeachwa na mikono ya kutazama. Ulitaka nifanye nini, Mama Waithera?"

"Ungenipigia simu."

"Ili unikataze nini tena?"

"Dawa ya ng'ombe, Mama. Ya ng'ombe."

"Ndiyo." Mzee alikigeuza kikombe juu ya stuli. "Na ng'ombe wangu nimewapenda. Wewe hujui. Hakuna hata mmoja aliyenifia kwa kupe."

Mutheu alitafuta hasira yake mahali alipoiacha. Ilikuwepo, nzima, nzito, lakini haikukaa tena vizuri mkononi. Mwanamke huyu alikuwa amekaribia kumuua mtoto wake; hilo halikuwa na mjadala, na halingepungua hata wakizeeka wote. Na mwanamke huyu alikuwa ameombwa kulinda lango bila kupewa ufunguo. Hilo nalo lilikuwa limesimama, halisogei. Mutheu aliona kwamba mambo haya mawili hayataondoana kamwe. Yatakaa naye meza moja. Akasema, kwa ukali kuliko alivyokusudia, kwamba chai inapoa.

Walipokuwa wakisemezana, Waithera alikuwa ameteremka uwanjani. Alikatazwa, lakini mlango ulikuwa wazi na wenzake walikuwa wakimwita kutoka chini, "Kipara! Kipara, shuka!" na sauti zao hazikuwa na ubaya. Alirudi anahema, magoti ya udongo, kipara kinang'aa. Shosho, kwa mazoea yasiyomwomba mtu ruhusa, alimvuta karibu akaanza kumkagua: masikio, kwapa, kiuno. Akamgeuza. Halafu mikono yake yote miwili ikaruka juu hewani, ikabaki huko, kama ya mtu aliyeelekezewa bunduki.

"Mama Waithera," aliita. "Njoo na kile kichuma."

Kupe alikuwa mmoja, nyuma ya goti, hajashiba bado. Mutheu alipiga magoti sakafuni. Shosho alikuwa amelishika vazi la mtoto kwa ncha za vidole, mbali na ngozi, uso wake karibu sana na uso wa Mutheu hata Mutheu akasikia harufu ya chai na ya sabuni ya mche.

"Usitikisike," Mutheu alimwambia mtoto.

"Karibu na ngozi," alisema Shosho, chini kwa chini, kama anayesali. "Si tumbo. Kichwa. Sasa juu, moja kwa moja. Usizungushe. Usifanye pupa. Ngoja. Ngoja achoke yeye."

Zilikuwa hatua zote, na kwa mpangilio wake. Jumapili ile mzee alikuwa ametazama mara moja tu, akichagua maharagwe, akitania kuhusu mbuzi, na hakuna kilichompita. Mkono wa Mutheu ulisita. Ngozi ilikuwa imeinuka tayari, kupe ameanza kulegea, na mkono mwingine, wenye mishipa, uliokamua na kuchunga na kufua miaka yote ile, ulikuwa pale pale pembeni, umetulia kuliko wake. Ingekuwa rahisi. Ingekuwa kusogeza vidole tu na kusema, shika wewe umalizie.

Aliwaza hivyo. Akaendelea kuvuta, kupe akatoka, akamwosha mtoto mwenyewe.

Honi ililia chini. Ng'ang'a alipanda akachukua mkoba wa mama yake bila kumtazama mtu, akatangulia. Shosho alisimama, akakaza fundo la leso. Waithera alimshika mkono kama kawaida ya mtu na wake, na kutoka uwanjani zile sauti zikaita tena, Kipara, Kipara, zamu yako.

"Shosho, niende?" aliuliza.

Mzee alifungua kinywa. Jibu lilikuwepo, kwa muda wote wa likizo lilikuwa likitoka bila kupitia kwa mtu. Akakifunga. Akautoa mkono wake taratibu kutoka kwenye kiganja cha mtoto, kidole baada ya kidole.

"Muulize mama yako," alisema, akaanza kushuka ngazi.

Waithera aligeuka. Alimtazama Mutheu kwa makini, kichwa kimeinama upande, kama mtu aliyefika kwenye mlango asioujua anayetafuta pa kubisha. Chini uwanjani mchezo ulikuwa umesimama, unamngoja. Mutheu alikuwa na neno lake, na nyumba nzima ilikuwa ikilisubiri.